Muulize Wakili: Picha yangu imebandikwa stendi, niwashtaki?

SWALI: Wakili, salaam. Mimi ni mkazi wa Shangani, Mtwara Mjini, mwenye miaka 51. Hadi juzi juzi nilikuwa mkurugenzi wa uendeshaji wa kampuni moja ya maghala ya korosho hapa mjini. Nimeitumikia tangu ikiwa na ghala moja la kukodi.

Msimu uliopita tulitangaza zabuni ya kusafirisha mzigo kutoka vyama vya msingi vya upande wa Nanyamba na Tandahimba. Aliyeshinda ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye fuso tatu. Waombaji walikuwa watatu na bei yake ndiyo ilikuwa ya chini. Sikumficha mtu. Nilimwambia mwenyekiti wa bodi tukiwa msibani Mikindani, akanijibu, "Hamna shida, mradi mzigo ufike." Mzigo ukafika, hakuna gunia lililopotea.

Msimu ulipoisha akaja mkaguzi, akakuta jina la shemeji. Ijumaa jioni nikapewa barua ya tuhuma, Jumamosi saa nne asubuhi nikasimama mbele ya kamati ya nidhamu, Jumatatu nikaachishwa kazi. Barua inasema sababu ni "kushindwa kutangaza maslahi katika zabuni ya usafirishaji". Hapo ningenyamaza. Lakini Jumatano likatoka tangazo lenye picha yangu, ile ya kitambulisho cha kazi. Likabandikwa getini kwao, likabandikwa stendi ya Mkanaledi, na afisa rasilimali watu akalirusha kwenye kundi la WhatsApp la wadau wa korosho lenye wanunuzi, madereva, makarani, hata watu nisiowajua. Nanukuu: "TAARIFA KWA UMMA. Mtu pichani si mfanyakazi wetu tena. Ameachishwa kazi kwa ubadhirifu na mgongano wa maslahi. Atakayefanya naye biashara kwa jina la kampuni, hasara ni yake."

Kulikuwa na kampuni ya mizigo iliyokwisha kunipa barua ya ajira. Wamenipigia simu kwamba wanasitisha "mpaka hali itulie". Binti yangu wa kidato cha pili ameulizwa na wenzake kama baba yake atafungwa. Nataka kuwashtaki kwa kashfa, shilingi bilioni mbili, na wanirudishe kazini jina likiwa safi. Jirani yangu mmoja, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, anasema nimalize kwanza kesi ya kazi ndipo nifungue ya kashfa. Nifuate lipi?
Aliyechafuliwa, Shangani

JIBU: Kaka, barua yako niliitazama tarehe kabla ya kitu kingine. Gazeti hili linachukua muda kufika mitaani, ndiyo maana nilikutumia ujumbe siku ile ile, na hapa narudia kwa faida ya wengine. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Zinahesabiwa tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine ya kazi, kama mishahara iliyozuiwa, yana siku 60. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda, na hapo utatakiwa kueleza kila siku iliyopita ulikuwa wapi. "Nilikuwa nasubiri hasira zipoe" haijawahi kuwa sababu nzuri. Nenda kajaze Fomu Namba 1, mpe mwajiri nakala, chukua uthibitisho kwamba ameipokea, rudisha fomu Tume.

Kashfa haina haraka ya namna hiyo. Ni dai la madhara, na kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya aina hiyo yana miaka mitatu. Kwa mpangilio jirani yako yuko sawa: kazi kwanza. Alipokosea ni kukuambia usubiri mpaka ya kwanza iishe. Shauri la kazi likitoka CMA kwenda Mahakama Kuu, na kutoka huko kwenda Mahakama ya Rufani, miaka mitatu inaweza kukupita huku umeketi barazani na jirani yako mnaongea sheria.

Sasa tuje kwenye tangazo. Nimeweka karatasi zako mbili mezani, barua ya kuachishwa na tangazo. Barua inasema hukutangaza maslahi. Tangazo linasema ubadhirifu na mgongano wa maslahi. Neno "ubadhirifu" limetoka wapi? Kwenye barua ya tuhuma halimo. Kwenye muhtasari wa kikao cha Jumamosi ulionipigia picha halimo. Mkaguzi mwenyewe, kwa kurasa ulizonitumia, hakuandika kwamba shilingi ya kampuni imepotea. Mtu kati ya Jumatatu na Jumatano, akiwa ameketi mbele ya kompyuta, aliliongeza. Kesi yako iko hapo, na mimi nakushauri iishie hapo.

Najua hutalipenda hili, maana barua yako imetumia nusu ukurasa kuieleza bei ya shemeji. Kashfa hujengwa juu ya maneno ya uongo yanayomshushia mtu heshima, yanayomhusu yeye, na yaliyomfikia mtu mwingine. Kwamba ni wewe, picha imemaliza ubishi. Kwamba yaliwafikia wengine, stendi nzima ya Mkanaledi ni shahidi. Kinachobaki ni uongo. Ukiwashtaki kwa kusema "mgongano wa maslahi", watajibu kwa neno moja: ukweli. Na ukweli, ukithibitishwa, ni kinga kamili. Watamwita mkaguzi, wataleta usajili wa kampuni ya shemeji, pengine na cheti chako cha ndoa. Kisha watakuuliza kizimbani swali nitakalokuuliza mimi sasa: fomu ya kutangaza maslahi uliijaza?

Hukuijaza. Ulimwambia mwenyekiti msibani.

Mgongano wa maslahi haungoji mtu aibe. Unakuwapo pale unapoamua jambo la mwajiri huku una sababu ya nyumbani ya kutaka liende upande fulani, hata kama uamuzi wako ulikuwa bora kuliko wote. Bei ya chini haiufuti. Kinachouondoa ni kusema mapema, mahali panapoandikwa, kisha kutoka chumbani wenzako wakiamua. Sheria ya Makampuni ya 2002 inawataka wakurugenzi watangaze maslahi yao mbele ya bodi, na bodi inakaa kwenye kikao chenye muhtasari, haikai kwenye mkeka wa matanga. Huku kwetu Kusini najua ilivyo: kuanzia Mikindani hadi Newala, ukitafuta msafirishaji asiye shemeji, mjomba au mtani wa mtu, utayabeba magunia kichwani. Ndiyo sababu hasa ile fomu ipo. Haikukatazi kuwa na shemeji.

Hata hivyo maneno ya mwenyekiti si bure. Yana uzito CMA, maana yanaonyesha mwajiri alijua na akanyamaza mpaka msimu ukaisha. Kulikuwa na mtu wa tatu pale msibani aliyesikia? Kama yupo, mtafute yeye kabla ya kumtafuta mwandishi wa habari.

Huko huko CMA una kitu kizuri ambacho barua yako imekipitia kwa sentensi moja. Ijumaa jioni hadi Jumamosi saa nne asubuhi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Wewe hukupata hata nusu yake. Uliambiwa una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama? Kama hukuambiwa, andika. Sababu ya kukuachisha inaweza kuwa na mguu, lakini utaratibu ulivunjwa, na sheria ya ajira ya 2004 inataka vyote viwili, sababu halali na utaratibu wa haki. Kurudishwa kazini ni moja ya nafuu ambazo Tume inaweza kutoa. "Jina likiwa safi" haimo katika fomu yao.

Rudi kwenye kashfa. Watakuja na ngao ya pili, nayo usiidharau: kinga yenye masharti. Mwajiri anaruhusiwa kuwaambia wanaohusika kwamba mtu fulani haiwakilishi tena kampuni. Anawajibika kwao kwa kweli. Kesho ungeweza kwenda Tandahimba ukachukua mzigo kwa jina lao. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya tangazo na ya mwisho ziache, ni haki yao. Kinga hiyo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwaambia wasiohusika. Viongozi wa vyama vya msingi wanahusika, wanunuzi wanaoweka mzigo ghalani wanahusika, lakini abiria wa basi la Masasi anayenunua maji stendi anahusika vipi? Ya pili ni nia mbaya. Anayeongeza neno ambalo kamati yake mwenyewe haikulikuta ana kazi ya kumweleza hakimu alilitoa wapi. Afisa aliyelirusha kundini alitumia simu yake, lakini alikuwa kazini, na mwajiri huwajibika kwa anayoyatenda mtumishi wake kazini. Unaweza kuwaunganisha wote wawili. Mimi ningefanya hivyo, maana mtu akiona jina lake binafsi kwenye hati ya madai hukumbuka haraka nani alimtuma.

Ushahidi. Tangazo la stendi, kama bado lipo, lipige picha likiwa ukutani na mazingira yake yaonekane, usilibandue kwa hasira. Mwombe mtu mwingine asiye ndugu alione pia. La WhatsApp lisikae kwenye skrinishoti peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama itataka kujua ulivyohifadhiwa na kama umeguswa. Simu iliyopokea ujumbe usiiuze, usiifomati, usimpe binti achezee. Aliye kundini atoe kiapo kwamba aliupokea siku gani, kutoka namba gani. Na kwenye hati ya madai maneno yanaandikwa kama yalivyo, herufi kwa herufi. Nimeona kesi ikiyumba kwa sababu mdai aliandika "walinitukana kuwa mimi ni mwizi" wakati tangazo halikuwa na neno mwizi mahali popote.

Kuhusu picha yenyewe, kuna mlango mwingine ambao watu wa Mtwara bado hawajauzoea. Ulipiga picha ile kwa ajili ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zisigeuzwe kwa nyingine hivi hivi, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, si ile ya CMA, inayopokea malalamiko. Ni njia ya pembeni. Nisingeifanya iwe kesi yako kuu.

Bilioni mbili. Kaka, hiyo namba umeitoa kwenye taarifa ya habari. Fidia ya jumla, ile ya heshima iliyoumia, inakadiriwa na hakimu, wewe unapendekeza tu. Hasara halisi ndiyo unayoitaja kwa tarakimu na kuithibitisha kwa karatasi, na ndiyo inayoamua mahakama gani ikusikilize. Mahakama ya Rufani ilishalisema mwaka 2006 katika shauri la kiwanda cha nguo cha Tanzania-China Friendship na Masista wa Our Lady of Usambara: fidia ya jumla haihesabiwi katika kupima mamlaka ya mahakama. Kwa madai yasiyo ya ardhi, mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi zinafika hadi shilingi milioni 200, na sheria inataka shauri lianzie mahakama ya chini kabisa yenye uwezo nalo. Ukiikimbilia Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara na bilioni zako za hewani, utapigwa pingamizi la awali kabla hujataja jina lako.

Hasara yako halisi ni ile kazi ya kampuni ya mizigo. Barua ya ajira unayo, mshahara umeandikwa. Sasa waombe waandike kwamba wamesitisha, na wamesitisha kwa sababu gani. Watasita. Waombe kwa upole, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, maana "wamenipigia" pekee ni maneno yako. Habari njema ni kwamba kashfa iliyoandikwa haikulazimishi kuthibitisha hasara ili ushinde. Hasara inakuongezea tu kiasi.

Pingamizi lingine lazima nikuambie, maana wakili wao atalijaribu. Atasema hili lote ni suala la ajira, lipelekwe CMA. Sheria ya kazi imegusa madai ya madhara yanayotokana na ajira, kwa hiyo hoja yake haitakuwa ya kuchekesha. Jibu lako liko kwenye kalenda: Jumatatu ajira iliisha, Jumatano wakauambia umma. Waliyoyaandika kwenye barua ya kuachishwa yabaki CMA. Waliyobandika Mkanaledi ni ya mtu na mtu. Usichanganye hati hizo mbili, na usiruhusu wakili wako azichanganye ili apate kurasa nyingi.

Kabla ya yote hayo, tuma barua ya madai. Fupi. Usiombe bilioni, omba tangazo la kusahihisha linalosema kwamba uliachishwa kwa sababu iliyo kwenye barua na kwamba hakuna ubadhirifu uliothibitishwa. Libandikwe pale pale getini na stendi, lirushwe kundi lile lile na mtu yule yule. Wape siku 14. Wakikubali, umepata kitu ambacho hukumu ya miaka minne ijayo haitakupa, yaani mtu wa kampuni ya mizigo kukisoma wiki hii. Wakikataa, barua hiyo ni kielelezo chako. Ingekuwa mwajiri wako ni shirika la umma au halmashauri, ungehitaji notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa kampuni binafsi hilo halipo.

Na katika siku hizo 14 funga mdomo. Nimeona kwenye kundi lile lile umemjibu afisa kwamba mwenyekiti "anajua alivyokula". Futa, na usirudie. Utakalosema kizimbani lina kinga, la kundini halina, na juu yake kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukianza kurusha tope na wewe, hakimu hatajua amsafishe nani.

SWALI: Nilikuwa mhasibu mkuu wa taasisi moja hapa Lindi Mjini, nikaacha mwenyewe. Kila ninapoomba kazi, bosi wangu wa zamani akipigiwa simu anasema "huyo tulimshtukia, alikuwa anajipa tenda". Haandiki popote. Nifanyeje?
Mama Wawili, Lindi

JIBU: Kashfa ya mdomo kwa kawaida inataka uthibitishe hasara, lakini ikimgusa mtu katika taaluma yake, kama mhasibu kuambiwa anajipa tenda, huhitaji. Tatizo lako ni shahidi. Aliyepigiwa simu ndiye aliyesikia, na mara nyingi hataki kuingia mahakamani kwa ajili ya mwombaji ambaye hakumwajiri. Mwulize mmoja wao kama yuko tayari kuandika alichoambiwa. Bosi naye atadai kinga, kwa sababu aliulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza. Utaivunja kinga hiyo ukionyesha alijua anachosema si kweli. Kwa mfano, kama ukaguzi wa mwaka ule ulikuwa safi na aliutia saini yeye.

Wakati huo huo dai cheti cha utumishi. Sheria ya ajira inamlazimu mwajiri kukupa unapoondoka, hata kama umeacha mwenyewe. Kwenye maombi yako mapya ambatanisha hicho, na jina la mdhamini weka la mtu mwingine aliyekusimamia. Hakuna sheria inayosema mdhamini wako awe yeye.

SWALI: Mimi niko upande wa pili. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya watu watatu iliyomchunguza meneja wetu huku Newala. Tuliandika alimpa kazi mdogo wake bila kusema. Ameondolewa, sasa anatutumia salamu kwamba atatushtaki mmoja mmoja. Ripoti niliichapa mimi, kwenye stationari karibu na soko, maana ofisini umeme ulikatika. Nalala vibaya.
Mjumbe, Newala

JIBU: Lala. Mliagizwa mchunguze, mkachunguza, mkawapa waliowaagiza. Hiyo ndiyo kinga yenye masharti katika sura yake safi, na hata kama kuna mahali mlikosea, kukosea kwa nia njema hakuiondoi. Atalazimika kuonyesha mlikuwa na chuki naye. Kama mmoja wenu aliwahi kugombea nafasi yake, semeni mapema kwa wakili wa taasisi, asije kulisikia kwa mara ya kwanza kizimbani.

Kitu kimoja tu kimenifanya nisome barua yako mara mbili. Umesema ripoti uliichapa kwenye stationari karibu na soko kwa sababu ofisini umeme ulikatika. Kwa hiyo iko kwenye kompyuta ya yule kijana, na huenda kwenye flashi ya mteja aliyekufuata. Ripoti ikitokea hapo ikaanza kutembea, swali la nani aliisambaza litaanzia kwako. Kesho asubuhi nenda kaifute wewe mwenyewe, na uhakikishe umeitoa hadi kwenye kapu la taka la kompyuta.